Kuingia drafti ya NBA au kusubiri: mwongozo kwa kinda wa Ulaya na wazazi wake

Kila mwaka, ifikapo mwezi Aprili, makinda kadhaa wa mpira wa kikapu kutoka Hispania, Ufaransa, Serbia, Lithuania na nchi nyingine za Ulaya huandikisha majina yao katika drafti ya mwezi Juni, yaani zoezi ambalo timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kila mwaka wengi wao huyaondoa majina hayo siku chache kabla ya drafti kufanyika. Anayelitazama jambo hili kwa mbali anaweza kudhani kwamba vijana hao wameingiwa na woga, au kwamba mawakala wao hawajui wanachokifanya. Sivyo. Kuandikisha jina ni uamuzi mmoja, na kuliacha jina hilo libaki hadi usiku wa uchaguzi ni uamuzi mwingine kabisa. Familia nyingi huingia matatani kwa kuyachanganya hayo mawili: hulijadili la kwanza kwa wiki nyingi na kwa joto kali, ingawa halina madhara makubwa, kisha la pili, ambalo likishafanyika halirudishiki, huachiwa wakala aliamue kwa simu ya dakika tano.

Mwongozo huu ni wa kijana wa miaka 18 hadi 21 anayecheza Ulaya, pamoja na wazazi au walezi wake. Nimezifikiria zaidi familia zetu zilizoko Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko, ambazo mtoto amerefuka kuliko wenzake wote, klabu imemchukua katika akademia yake tangu akiwa mdogo, na sasa watu wasiojulikana wanapiga simu nyumbani wakizungumzia Marekani.

Hesabu miaka na tarehe

Kwa mujibu wa sheria za NBA, mchezaji wa kimataifa ni yule aliyeishi nje ya Marekani kwa angalau miaka mitatu kabla ya drafti akiwa anacheza mpira huko, ambaye hakumalizia sekondari Marekani wala hajawahi kujiandikisha katika chuo kikuu cha huko. Mchezaji wa namna hiyo anaruhusiwa kuandikisha jina kuanzia mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 19. Katika mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 22 anaingia drafti moja kwa moja, atake asitake, bila kuandika barua yoyote. Kwa hiyo uamuzi tunaouzungumzia hapa una nafasi tatu tu, yaani miaka ya 19, 20 na 21, na baada ya hapo sheria inamwamulia.

Neno la kuzingatia ni mwaka wa kalenda. Giannis Antetokounmpo alizaliwa tarehe 6 Desemba 1994, na alipochaguliwa na Milwaukee mwezi Juni 2013, akitokea katika klabu ya daraja la pili nchini Ugiriki, alikuwa bado na miaka 18. Victor Wembanyama, aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari 2004, alipata haki ya kuingia drafti ya 2023 sawasawa na kijana yeyote aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo wa 2004, ingawa huyo wa Desemba alikuwa nyuma yake kwa karibu mwaka mzima wa kukua na kujifunza. Mzazi wa mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka asiogope kumwacha asubiri, kwa sababu maskauti, yaani watafuta vipaji wa timu, nao huiangalia tarehe ya kuzaliwa, na kijana anayechaguliwa akiwa na miaka 19 na nusu bado wanamhesabu kuwa mdogo.

Tarehe za kukumbuka ni mbili. Jina linatakiwa kufika NBA angalau siku 60 kabla ya drafti, na mchezaji wa kimataifa anaweza kuliondoa hadi siku 10 kabla ya drafti. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho wa kuandikisha ulikuwa tarehe 26 Aprili, mwisho wa kuondoa ulikuwa tarehe 15 Juni, na drafti ilianza tarehe 25 Juni. Kipindi kilicho katikati, cha takriban siku 50, ni cha kuuliza maswali na kupata majibu ambayo timu haziyatoi kwa mchezaji asiyeandikisha jina. Kristaps Porziņģis aliandikisha jina mwaka 2014 akiwa Sevilla, akaliondoa, akacheza msimu mwingine Hispania, na mwaka 2015 New York ikamchukua katika nafasi ya 4. Hakuna aliyemhesabia kosa kwa kuondoa jina, na wala hakuna atakayemhesabia mwanao.

Tahadhari moja tu kuhusu hatua hii ya kwanza: kocha asilisikie jambo hili kwenye vyombo vya habari. Kocha anayeamini kwamba kijana ameshafungasha mizigo hana sababu kubwa ya kumpa dakika mwezi Mei, wakati ligi inaingia katika mechi za mtoano, na hizo ndizo mechi ambazo maskauti husafiri kuzitazama.

Usome mkataba wa klabu kabla ya kuisikiliza NBA

Swali ambalo kila mtu hulitanguliza ni kama NBA inamtaka kijana. Mimi ningetanguliza jingine: je, klabu yake inaweza kumwachia, kwa bei gani, na hadi tarehe gani? Mkataba mara nyingi ulisainiwa kijana akiwa na miaka 16 au 17, kwa Kihispania au Kiserbia, na mzazi akaweka saini yake chini bila kutafsiriwa chochote zaidi ya kiasi cha mshahara. Utafute mkataba huo, uutafsirishe kwa mtu asiyelipwa na klabu wala na wakala, kisha uketi na kipengele cha kuvunja mkataba na kukisoma neno kwa neno.

Kwanza angalia kiasi, na kama kiasi hicho hubadilika kila kiangazi, maana klabu nyingi huandika bei kubwa kwa mwaka wa kwanza na kuishusha kadiri mkataba unavyokaribia kuisha. Tofauti ya mwaka mmoja tu inaweza kuwa sababu tosha ya kusubiri. Kisha angalia dirisha: kipengele kikisema kwamba kijana anaweza kuondoka ikiwa taarifa ya maandishi itafika klabuni kabla ya tarehe fulani ya Julai, basi taarifa iliyofika siku moja baadaye si taarifa, hata kama timu ya Marekani ina fedha mkononi. Angalia pia kama kipengele kinaitaja NBA peke yake au kinahusu chuo kikuu na klabu nyingine pia, kwa sababu siku hizi vijana wengi huondoka kwenda vyuoni, na mkataba wa zamani unaweza kuwa kimya juu ya hilo. Mwisho, angalia kama klabu ina haki ya kuongeza mwaka kwa upande wake peke yake.

Sasa fedha zenyewe. Timu ya NBA inaruhusiwa kuchangia malipo ya kuvunja mkataba bila mchango huo kuingia katika ukomo wake wa mishahara, lakini hadi kiwango maalumu tu, ambacho katika miaka ya karibuni kimekuwa chini ya dola milioni moja. Kinachozidi hapo hutoka mfukoni mwa mchezaji. Tuseme klabu inadai dola milioni 1.5 na timu inachangia 850,000. Zinabaki 650,000. Kijana aliyechaguliwa wa 30 mwaka 2024 alipata mshahara wa takriban dola milioni 2.5 kwa msimu wa kwanza, na tukikadiria kwamba kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo na ada ya wakala zitachukua karibu nusu, anabakiwa na milioni 1.25 hivi. Zaidi ya nusu ya hizo zinarudi Ulaya kumlipa mwajiri wa zamani, kabla hajalipa kodi ya nyumba. Si balaa, kwa sababu miaka inayofuata ipo na malipo yanaweza kugawanywa kwa awamu. Lakini kijana wa raundi ya pili, asiye na mshahara wa uhakika, akiwa na kipengele hicho hicho, anaweza kujikuta hana njia ya kuondoka kabisa.

Kesi za kweli zipo. Ricky Rubio alichaguliwa wa 5 na Minnesota mwaka 2009, lakini gharama ya kumtoa Hispania ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba alihamia Barcelona na hakufika Marekani hadi 2011. Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, alipanda kutoka mechi chache za ligi kuu ya Hispania akiwa Fuenlabrada hadi nafasi ya 7 ya drafti ya 2011, na kilichofuata kilikuwa mvutano na klabu yake juu ya malipo hayo hayo. Alivuka, na amecheza NBA kwa zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo, si kila kinda ni chaguo la 7, na timu haitapigania kila mtu kwa nguvu ile ile.

Kuna pia hati ya ruhusa ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ambayo bila hiyo mchezaji aliye chini ya mkataba halali hawezi kuvuka kwenda ligi nyingine. Ndiyo maana ushauri wa "ondoka tu, wataelewana baadaye" ni ushauri mbaya, hata ukitoka kwa mtu mwenye suti nzuri.

Nafasi gani, na ina uzito gani

Drafti ina raundi mbili na timu 30, na tofauti kati ya raundi hizo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye runinga. Anayechaguliwa katika raundi ya kwanza hupata mkataba unaofuata jedwali maalumu la mishahara: miaka miwili ya kwanza ni ya uhakika, na mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Mwaka 2024, Zaccharie Risacher, Mfaransa aliyechaguliwa wa 1, alianza na takriban dola milioni 12.5 kwa msimu. Hata wa 30, kama tulivyoona, ana milioni 2.5 na miaka miwili ya kujithibitisha.

Raundi ya pili haina uhakika wowote ulioandikwa katika sheria. Timu inaweza kutoa mkataba mzuri wa miaka kadhaa, na baadhi hufanya hivyo, lakini inaweza pia kutoa mkataba wa pande mbili, ambao mchezaji hugawanya msimu kati ya timu kubwa na timu yake ya G League, ligi ya maendeleo ya NBA, akiruhusiwa kuwa katika kikosi cha NBA kwa mechi zisizozidi 50. Msimu wa 2024-25 mkataba huo ulilipa dola 578,577. Kwa kijana aliyekuwa akilipwa posho katika akademia ni fedha nyingi. Kwa yule ambaye tayari anaanza katika kikosi cha klabu ya EuroLeague, mashindano makuu ya klabu za Ulaya, huenda ni kushuka, na hapo hatujagusa gharama ya kuvunja mkataba.

Jambo ambalo wazazi huelezwa mara chache ni kwamba kuchaguliwa hufunga pia. Timu iliyomchagua kijana wa Ulaya hushika haki zake katika NBA, na ikiwa ataendelea kucheza Ulaya haki hizo zinaweza kubaki mikononi mwa timu hiyo kwa miaka mingi, au kuhamishiwa timu nyingine bila kijana kuulizwa. Vasilije Micić alichaguliwa wa 52 na Philadelphia mwaka 2014. Alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague mwaka 2021 na bingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo akiwa na Anadolu Efes, haki zake zikiwa zimehamia Oklahoma City, ndipo akaingia NBA mwaka 2023. Kwa miaka tisa hakuweza kuzungumza na timu yoyote ya NBA isipokuwa ile iliyoshika haki zake. Asiyechaguliwa kabisa, kwa upande wake, yuko huru kutafuta timu inayohitaji mtu wa nafasi yake, na ndiyo sababu baadhi ya mawakala, uchaguzi ukifika nafasi ya 45 au 50, huzipigia timu simu kuzisihi zisimtaje mteja wao. Inashangaza mwanzoni, lakini ina mantiki kamili.

Kuchaguliwa na kubaki Ulaya kunaweza pia kuwa mpango mzuri, mradi uwe umepangwa. Serge Ibaka alichaguliwa wa 24 mwaka 2008, akabaki Hispania msimu mmoja, akaenda Oklahoma City mwaka 2009 akiwa amekomaa zaidi. Bogdan Bogdanović alichaguliwa wa 27 mwaka 2014, akakaa Fenerbahçe hadi alipotwaa ubingwa wa EuroLeague mwaka 2017, na kwa kuwa miaka mitatu ilikuwa imepita hakubanwa tena na jedwali la mishahara ya makinda. Mkataba aliosaini na Sacramento ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule ambao nafasi ya 27 ingempa. Huo ni uvumilivu wenye hesabu ndani yake.

Wakala yeyote atakayekutembelea atamtaja Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014 huku runinga ya Marekani ikiwa inaonyesha tangazo la biashara la chakula na jina lake likipita chini ya kioo. Atakwambia: unaona, hata raundi ya pili inatosha. Atasahau kukueleza kwamba Jokić hakuondoka usiku ule. Alirudi Mega, klabu ya Serbia inayofahamika kwa kuwapa vijana dakika bila kuwaogopa, akacheza msimu mzima, akawa mchezaji bora wa Ligi ya Adriatiki, na Denver ikamleta mwaka 2015. Hilo la kurudi kucheza ndilo la kuigwa.

Mwakani atacheza wapi, dakika ngapi

Ningelazimika kuiachia familia swali moja tu, ningeiachia hili. Kijana wa miaka 19 hujifunza mpira kwa kuucheza dhidi ya watu wazima, na nafasi ya drafti haimsaidii kitu ikiwa miaka miwili inayofuata ataipitisha akisugua benchi katika jiji asilolijua.

Dragan Bender alichaguliwa wa 4 na Phoenix mwaka 2016, akiwa na miaka 18 na akiwa amecheza dakika chache tu katika kikosi cha kwanza cha Maccabi Tel Aviv. Urefu ulikuwepo, mikono laini ilikuwepo, lakini mazoea ya kubeba jukumu katika mechi ngumu hayakuwepo, na baada ya misimu minne alirudi Ulaya. Luka Dončić, kwa upande mwingine, aliingia kikosi cha kwanza cha Real Madrid akiwa na miaka 16, na alipofika drafti ya 2018 alikuwa bingwa wa EuroLeague na mchezaji bora wa mashindano hayo, si kijana wa kuahidiwa. Hata hivyo alichukuliwa wa 3, jambo ambalo timu mbili zilizomruka bado zinaulizwa. Watanzania wana mfano wao, japo hakupitia Ulaya: Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 akitokea chuo kikuu cha Connecticut, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha Memphis ilikuwa imempeleka ligi ya maendeleo. Nafasi ya juu hununua subira ya timu kwa muda. Dakika za uwanjani hazinunuliwi nayo.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi hali mbili za msimu ujao. Akibaki: je, kocha amesema wazi kwamba atamtumia, au klabu inatarajia kusajili Mmarekani mzoefu katika nafasi yake? Akiondoka: timu zinazomtaka zina wachezaji wangapi wa nafasi hiyo, na je, zinaijali timu yao ya G League au ni mahali pa kuwaegesha watu? Mara nyingine jibu ni kubadilisha klabu ndani ya Ulaya kwanza. Wembanyama aliondoka ASVEL mwaka 2022 na kwenda Metropolitans 92, ambako timu ilijengwa kumzunguka, na mwaka uliofuata akawa chaguo la 1. Mwenzake katika timu hiyo, Bilal Coulibaly, aliuanza msimu akiwa zaidi na timu ya vijana na kuumaliza akiwa katika fainali ya ligi ya Ufaransa na chaguo la 7. Dakika thabiti katika ligi ya Ufaransa, ya Hispania au ya Adriatiki, kwa maoni yangu, humkuza kijana wa miaka 19 kuliko mkataba wa pande mbili, na sioni aibu kulisema hilo hata kama jezi ya NBA inapendeza zaidi kwenye picha.

Njia ya chuo kikuu

Hadi miaka michache iliyopita njia hii isingestahili zaidi ya sentensi moja. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao, na tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kugawana mapato na wanamichezo wao, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Kijana anayetabiriwa kuwa wa raundi ya pili anaweza sasa kupata chuoni fedha nyingi kuliko mkataba wa pande mbili, tena akicheza kila wiki. Egor Dëmin aliondoka Real Madrid kwenda chuo cha BYU na mwaka 2025 akachaguliwa wa 8. Kasparas Jakučionis aliondoka Barcelona kwenda Illinois na mwaka huo huo akachaguliwa wa 20.

Njia hii ina masharti yake. Aliyejiandikisha chuoni hahesabiwi tena kuwa mchezaji wa kimataifa, kwa hiyo tarehe yake ya kuondoa jina inakuwa ile ya wanafunzi, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei, wiki kadhaa kabla ya ile ya wenzake wa Ulaya. Viza ya mwanafunzi nayo huweka mipaka juu ya kazi na mapato ndani ya Marekani, na hapo anahitajika mwanasheria wa uhamiaji, si binamu aliyewahi kuishi Texas. Kuhusu kama kijana aliyewahi kulipwa na klabu, au aliyebaki katika drafti, ataruhusiwa kuchezea chuo, sheria na tafsiri zake zimekuwa zikibadilika msimu hadi msimu. Familia inayoifikiria njia hii iombe jibu la maandishi kutoka chuo husika kabla ya siku ya mwisho ya kuondoa jina.

Wakala, majaribio na ahadi

Anayezungumza na timu za NBA kwa niaba ya mchezaji awe amesajiliwa na chama cha wachezaji cha NBA, na ada yake juu ya mkataba wa NBA isizidi asilimia 4. Mara nyingi kuna wakala wa Ulaya na mshirika wake wa Marekani. Ulizeni wanagawanaje, na zaidi ya hapo ulizeni nani kati yao hupata fedha kijana akiondoka mwaka huu na nani hupata akibaki, kwa sababu ushauri huwa unafuata huko. Wakala mwema hatachukia swali hilo.

Mwombeni pia awaambie, timu kwa timu, aliyezungumza naye na alichoambiwa. "Wanampenda sana" si jibu. Jibu ni kwamba timu yenye chaguo la 22 imetuma mtu kumtazama mara kadhaa, imeomba taarifa za matibabu, na imeuliza gharama ya kuvunja mkataba. Timu inayouliza gharama ina nia. Ahadi ya mdomo kwamba timu itamchagua ikimkuta bado yupo haina mtu wa kuilazimisha: usiku wa drafti mchezaji bora anaweza kuteremka hadi hapo, na ahadi ikayeyuka.

Ugumu wa vijana wa Ulaya ni ratiba. Kambi ya vipimo ya Chicago hufanyika mwezi Mei, majaribio ya timu huendelea hadi Juni, na ligi kubwa za Ulaya nazo huwa zinacheza fainali zake kipindi hicho hicho. Anayealikwa Chicago anatakiwa kuhudhuria isipokuwa ana sababu inayokubalika, na kuwa katikati ya msimu ni mojawapo. Msitoroke klabuni kwa ajili ya jaribio la siku moja. Kuhusu afya, semeni ukweli wote. Nikola Topić aliumia goti muda mfupi kabla ya drafti ya 2024, taarifa zikajulikana, na bado Oklahoma City ikamchukua wa 12 na kumsubiri msimu mzima. Jeraha lililofichwa likigunduliwa na daktari wa timu huharibu zaidi kuliko lililotajwa.

Wiki ya mwisho

Siku kumi kabla ya tarehe ya kuondoa jina, familia, wakala na, ikiwezekana, mwanasheria wakutane wakiwa na majibu mezani. Kipimo changu ni hiki. Kijana abaki katika drafti ikiwa timu tatu au nne zenye chaguo kabla ya la 25 zimeonyesha nia ya kweli na mkataba wa klabu unavunjika kwa bei inayobebeka. Abaki pia, hata akitabiriwa chini ya hapo, ikiwa kuna timu iliyokubaliana naye kwamba atachaguliwa na kuendelea kucheza Ulaya mahali penye dakika. Aliye katika mwaka wake wa 21 hana mengi ya kupoteza, kwa kuwa mwakani ataingia kwa nguvu ya sheria, lakini huo mwaka mmoja bado unaweza kumpandisha kutoka raundi ya pili hadi ya kwanza, hivyo naye afanye hesabu yake. Wengine wote, hasa wa miaka 19 na 20 ambao wanatajwa popote kati ya nafasi ya 25 na ya 50, waondoe majina.

Mkiamua kuondoa, barua iandikwe na mchezaji mwenyewe, aitie saini, na ifike NBA ikiwa imethibitishwa kupokelewa. Msiridhike na wakala kusema kwamba ameituma. Muda wa mwisho huwa ni saa kumi na moja jioni kwa saa za New York, yaani saa tano usiku Paris, Madrid na Belgrade, na saa sita usiku Athens na Vilnius. Itumeni asubuhi, wakati New York bado wamelala, ili ikikosewa jina au tarehe pawe na mchana mzima wa kuirekebisha.